Nani Atamwambia Dogo Apumzike?

Jumanne jioni nilikuwa kwa kibanda cha supu karibu na steji hapa Kitengela, nimemaliza tu kurekodi video, simu ikalia. Mathe. Hakuna salamu ndefu.

"Dogo anataka mia tano."

"Ya nini?"

"Ya sindano."

Dogo ni mdogo wangu. Yuko fomu tatu, anakimbia mita 800, na si kukimbia tu kujifurahisha. Huyu kijana ana mbio. Lakini wiki tatu sasa analalamika muundi. Kuna sehemu moja hapo mbele ya mguu, ukiibonyeza na kidole anaruka. Mashindano ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mwalimu wa michezo, ambaye sitamtaja wala shule sitaitaja, amemwambia kuna kemisti anadunga sindano na maumivu yanaisha kabisa. Halafu akamalizia na ile sentensi ambayo karibu kila mwanafunzi aliyewahi kukimbia Kenya ameisikia:

"Keino alikimbia na nyongo ikimuuma. Wewe ni muundi tu."

Wasee, hapo ndipo supu ilipoa. Hiyo sentensi niliambiwa mimi pia, neno kwa neno.

Miaka michache iliyopita mimi ndiye nilikuwa dogo. Fomu tatu, mita 800, goti la kulia limevimba. Nilimeza vidonge viwili vya maumivu asubuhi, viwili tena saa nne, nikaingia uwanjani. Nilimaliza wa pili. Nikabebwa juu, nikapigiwa makofi kwa paredi. Wiki iliyofuata sikuweza kushuka ngazi za bweni bila kushika ukuta. Hayo ndiyo yalikuwa mashindano yangu ya mwisho. Baadaye nilienda chuo, nikatoka mwaka wa pili, lakini hiyo ni stori ya siku ingine na goti halihusiki. Ila mpaka leo mvua ikikaribia Kitengela, goti langu linajua kabla ya watu wa hali ya hewa.

Kwa hivyo leo sitaki kuongea kuhusu dogo peke yake. Nataka turudi nyuma tuangalie historia ya riadha yetu, kwa sababu naona tumefundishwa nusu yake. Tunafundishwa nusu ya mtu aliyekimbia akiwa mgonjwa akashinda. Ile nusu ya watu waliopumzika wakarudi wakashinda zaidi, hiyo hatuambiwi. Na hiyo nusu ya pili imejaa Wamaasai, watu ambao sisi wa Kajiado tunafaa kuwa tunawajua vizuri kuliko mtu yeyote.

Tuanze na Keino, kwa sababu stori yake ni ya kweli na sitaki mtu aniambie nimemdharau mzee.

Mwaka ni 1968, Olimpiki ya Mexico City. Kipchoge Keino ana miaka 28 na ana ugonjwa wa nyongo. Madaktari wanamwambia asikimbie. Anaingia mita 10,000 na zikibaki raundi chache tu anaanguka kwa maumivu. Siku chache baadaye anarudi mita 5,000 na kupata fedha. Halafu tarehe 20 Oktoba inafika fainali ya mita 1,500. Inavyosimuliwa, basi lilikwama kwenye msongamano wa magari, akashuka akakimbia mpaka uwanjani. Ben Jipcho akaanza mbio kwa kasi kali ili kumchosha Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia. Keino akachukua usukani, akashinda kwa karibu mita 20. Dakika 3 na sekunde 34.91.

Hiyo ni noma, hakuna anayebisha. Lakini hebu angalia vitu ambavyo mwalimu huwa anaruka.

Kwanza, kwenye mita 10,000 alianguka. Mwili ulikataa, na huyo ni Keino mwenyewe. Pili, alikuwa mtu mzima wa miaka 28, askari polisi, ana miaka mingi ya mashindano ya kimataifa mwilini. Alijua anachohatarisha na aliamua mwenyewe. Hakuwa mtoto wa miaka 16 anayesukumwa na mtu mwenye hamu ya kombe la shule. Tatu, na hii ndiyo kubwa: tunamkumbuka kwa sababu alishinda. Waliokimbia wagonjwa wakaharibika kabisa hawana sanamu, na hakuna anayewataja kwa paredi. Tunachukua mtu mmoja aliyeponea, tunamgeuza kuwa kanuni ya kila mtu.

Sasa, katika timu hiyohiyo ya 1968 kulikuwa na Mmaasai mmoja. Anaitwa Daniel Rudisha. Yeye, Munyoro Nyamau, Naftali Bon na Charles Asati walichukua fedha kwenye mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa watu wanne, nyuma ya Marekani. Hilo jina la Rudisha liweke kwa mfuko, tutalirudia.

Kabla ya hapo nikuulize: unamjua Billy Konchellah?

Nimewauliza wasee kumi hapa mtaani. Wawili tu ndio waliwahi kusikia hilo jina, na mmoja alidhani ni mwanasiasa. Konchellah alizaliwa 1961 kule Kilgoris, upande wa Trans Mara, Kaunti ya Narok. Si Kajiado yetu, lakini ni Umaasai uleule. Mwaka 1984 Los Angeles alikimbia fainali ya Olimpiki ya mita 800 akawa wa nne. Nafasi mbaya zaidi duniani hiyo, unarudi nyumbani bila chochote cha kushika.

Shida ya Konchellah haikuwa miguu. Ilikuwa kifua. Alikuwa na pumu na matatizo ya mapafu yaliyomrudia mara kwa mara. Fikiria mtu wa mita 800, mbio ambayo katika mita 200 za mwisho kila mtu mzima anatafuta hewa kama samaki nje ya maji, na wewe umeanza na pumu. Kuna misimu alipotea kabisa. Watu wakasema ameisha.

Kisha mwaka 1987 akatokea mashindano ya dunia ya Roma, akashinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.06. Hiyo ilikuwa mara ya pili tu mashindano hayo kufanyika, na ile ya kwanza, ya 1983, Kenya ilirudi bila medali hata moja. Roma tulipata dhahabu tatu: Paul Kipkoech mita 10,000, Douglas Wakiihuri marathoni, na Konchellah. Akapotea tena. Olimpiki ya Seoul 1988 hakuwepo, dhahabu ya mita 800 ikachukuliwa na kijana mwingine wa Kenya, Paul Ereng. Konchellah akarudi Tokyo 1991 akatetea taji lake la dunia. Mwaka 1993 akiwa anakaribia miaka 32 akaongeza shaba kule Stuttgart.

Soma hiyo orodha tena polepole. 1987, kimya, 1991, kimya, 1993. Huyu ni mtu ambaye angejilazimisha kila msimu, angekimbia kila mkutano Ulaya kwa sababu pesa ipo, na kifua kingemmaliza mapema. Badala yake alikuwa anakimbia anapoweza, na asipoweza anakaa. Watu walimwona mvivu au mtu wa bahati mbaya. Mimi naona mtu aliyefanya hesabu na mwili wake.

Sasa toa lile jina kwa mfuko.

David Rudisha, mtoto wa Daniel, naye ni wa Kilgoris, amezaliwa Desemba 1988. Alipelekwa Iten kwa Brother Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland aliyekuja Kenya 1976 kufundisha jiografia pale St Patrick's. Brother Colm hakuja akiwa kocha. Alijifunza kwa kuangalia. Alikaa kando ya uwanja miaka na miaka akitazama vijana wakikimbia, nani anaweka mguu vipi, nani anachoka lini. Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, alitoka mikononi mwake. Wilson Kipketer, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 akiikimbilia Denmark, naye alipitia St Patrick's.

Rudisha alifika akiwa mtu wa mita 400 kama babake. Akahamishiwa 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Hapo kila mtu alikuwa anamtaka, na mwaka 2008 kulikuwa na Olimpiki ya Beijing. Kijana wa miaka 19, bingwa wa vijana, Olimpiki iko mlangoni. Na alikuwa na jeraha.

Kama angekuwa kwa mwalimu wa dogo, mngejua kilichofuata. Sindano, Keino, paredi.

Rudisha hakuenda Beijing. Akakaa nyumbani, wengine wakakimbia. Mwaka 2009 akaenda mashindano ya dunia ya Berlin akatolewa nusu fainali. Mpaka hapo, ukihesabu kwa macho ya haraka, huyu ni kijana aliyekosa nafasi mbili kubwa. Watu wa comments wangekuwa washamzika.

Tarehe 22 Agosti 2010, Berlin: dakika 1, sekunde 41.09. Rekodi ya Kipketer iliyokaa tangu 1997, sekunde 41.11, imeenda. Wiki moja baadaye, tarehe 29, Rieti kule Italia: 1:41.01. Mwaka 2011 bingwa wa dunia. Tarehe 9 Agosti 2012, London, akaongoza kutoka mwanzo mpaka mwisho bila mtu wa kumvuta na kuandika 1:40.91. Wa kwanza kabisa kushuka chini ya 1:41. Aliyekuwa wa mwisho siku hiyo, nambari nane, alikimbia muda ambao ungeshinda dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Manze, mbio moja tu iliwafanya watu wote wanane kuwa wakali.

Na bado haijaisha. Mwaka 2013 goti likamkataa. Mashindano ya dunia ya Moscow yakampita. Bingwa wa Olimpiki, mwenye rekodi ya dunia, wadhamini wamemzunguka, na akakaa nje. 2014 akarudi polepole, akapigwa na Nijel Amos wa Botswana kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Glasgow. Hakuna shida. 2015 akachukua taji la dunia Beijing. 2016 akachukua dhahabu ya pili ya Olimpiki kule Rio, 1:42.15. Mtu wa mwisho kushinda mita 800 Olimpiki mbili mfululizo alikuwa Peter Snell wa New Zealand, 1960 na 1964.

Chora mstari. 2008 nje, 2010 rekodi. 2013 nje, 2015 na 2016 dhahabu. Sisemi jeraha ni baraka. Nasema kila mara Rudisha alipokubali kukosa kitu kikubwa, alibaki na miguu ya kukimbilia kitu kikubwa zaidi.

Wengine mtasema, "Sawa, lakini hayo ni mambo ya wazungu, watu wa Iten wana makocha na madaktari. Sisi huku Kajiado tuna nini?"

Tuna olpul.

Kama umekulia Kitengela ya plazas na maploti kama mimi, labda hulijui hilo neno. Mimi pia nilielezwa na mzee jirani yetu upande wa Isinya, mtu aliyekuwa morani kabla Namanga Road haijajaa malori. Olpul ni kambi ya nyama. Morani wanatoka nyumbani, wanaenda msituni au mahali pa faragha, wanachinja, wanakula nyama na kunywa supu iliyochemshwa na magome na mizizi kama olkiloriti. Wanakaa siku nyingi. Kazi ni kula, kulala, kupiga stori na kurudisha nguvu. Mgonjwa pia alikuwa anaweza kupelekwa huko. Morani akirudi, mwili umejaa.

Mzee aliniambia kitu kimoja ambacho sijakisahau: "Kijana, sisi hatukuwa tunamwona morani wa olpul kuwa mvivu. Tulijua anajiandaa."

Hiyo ni sayansi ya michezo, wasee. Leo timu kubwa zinalipa watu mamilioni kuja kuwaambia wachezaji walale, wale vizuri, wapumzishe misuli. Watu wa hizi nyanda walikuwa na taasisi nzima ya kupumzika, imepewa jina, muda na heshima. Sisi wajukuu, pamoja na sisi tuliokuja juzi kununua ploti kwenye ardhi yao, ndio tunawaambia watoto ati kupumzika ni uoga.

Na si olpul peke yake. Tangu 2012 huko Kimana, karibu na Amboseli, kuna Olimpiki za Wamaasai. Wazee wa jamii na shirika la uhifadhi la Big Life walitaka morani waache kuua simba ili kuonyesha ushujaa, na washindane kwa kukimbia, kurusha rungu na mkuki, na kuruka juu kama kwenye adumu. Rudisha amekuwa mlezi wa michezo hiyo. Desemba 2022 alikuwa anatoka huko Kimana akirudi Nairobi kwa ndege ndogo, injini ikaleta shida, ndege ikaanguka Imbirikani, hapa hapa Kajiado. Waliponea wote. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ameponea ajali ya gari iliyogongana na basi karibu na Keroka.

Mimi huwa nafikiria hiyo picha: mtu mwenye kasi kuliko wote waliowahi kukimbia mita 800 amesimama kwa nyasi za Imbirikani, ndege iko chini, na yeye mzima. Alikuja kuwaonyesha morani kwamba ushujaa unaweza kubadilisha sura. Simba haihitaji kufa. Basi pia mguu hauhitaji kuvunjika ndio tujue dogo ni mwanaume.

Kajiado pia ni Ngong. Paul Tergat alikuwa anaishi na kufanyia mazoezi Ngong. Mnamjua kama yule mtu aliyepigwa na Haile Gebrselassie kwenye mita 10,000 Atlanta 1996 na tena Sydney 2000, ile ya Sydney kwa pua tu. Alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, 1995 hadi 1999. Angeweza kurukia marathoni mapema kwa sababu ya pesa. Alisubiri mpaka 2001. Tarehe 28 Septemba 2003 Berlin akaandika 2:04:55, rekodi ya dunia, akiwa na miaka 34. Thelathini na nne! Dogo ana 16. Kama mwili wake utatunzwa, ana miaka 18 kabla afike umri wa Tergat siku hiyo. Na mtu anataka kuichoma yote kwa mia tano.

Sasa ngoja niwe mkweli, kwa sababu najua mtaniambia nini. Mtasema nafasi haiji mara mbili. Ati kwenye hayo mashindano kutakuwa na watu wanaotafuta vijana wa kupeleka Marekani kwa skolashipu. Na mathe alisema hivyohivyo kwa simu, sauti ikiwa chini: "Na kama hii ndiyo nafasi yake?"

Hilo swali si la kijinga. Mathe amelipa karo peke yake miaka mingi. Skolashipu ni maisha.

Lakini historia ina jibu la hilo pia, na jina lake ni Henry Rono. Rono alipata skolashipu, akaenda Chuo Kikuu cha Washington State. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Hakuna mtu amewahi kufanya hivyo tena. Lakini Olimpiki hakukimbia hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980. Pombe ikamchukua. Pesa zikaisha. Rekodi alikuwa nazo, kilichokosekana ni mtu wa karibu wa kumwangalia yeye kabla ya kuangalia saa. Alifariki Februari 2024. Kufika Marekani ni mlango tu. Ukifika ukiwa umevunjika, au ukiwa huna mtu anayekujali, mlango huo unaweza kufunguka ukakuingiza kwa giza.

Na kuhusu hiyo sindano yenyewe. Maumivu ni kengele. Sindano haizimi moto, inakata waya wa kengele. Mfupa wa mtu anayekimbia sana hupata nyufa ndogondogo, na mwili huziba nyufa hizo wakati wa kupumzika. Usipopumzika ufa unakua. Ukiwa na miaka 16 mifupa bado inakua, kwa hivyo hatari ni zaidi. Ufa wa hivyo kwa kawaida unataka wiki 6 hadi 8 bila mbio. Ukiukimbilia na sindano, unaweza kuvunjika kabisa, na hapo hatuongei wiki tena. Tena dawa nyingi za maumivu, ukizichanganya na jua kali na kukosa maji, zinaumiza figo.

Kisha kuna kitu ambacho yule wa kemisti hatakuambia. Si kila sindano ya maumivu ni halali kwa mwanariadha. Tangu 1 Januari 2022 sindano za jamii ya kotikosteroidi haziruhusiwi siku za mashindano. Tangu 1 Januari 2024 tramadol nayo imepigwa marufuku siku za mashindano. Diana Kipyokei alishinda Boston Marathon 2021, akanyang'anywa kwa sababu ya triamcinolone, ambayo ni ya hiyo jamii ya kotikosteroidi. Sisemi dogo atapimwa kwenye mashindano ya shule. Nasema mtoto anayefundishwa fomu tatu kwamba kila shida ina sindano yake, akifika 22 akiwa na meneja, mkataba na deni, atakuwa amezoea. Kenya imekuwa ikiaibika na mambo ya dawa kwa miaka sasa, na tunashangaa yanatoka wapi. Mengine yanaanzia kwa mia tano ya mathe.

Kwa hivyo nilifanya nini?

Nilituma pesa. Si mia tano, na si ya sindano. Niliuza ile taa yangu ya kurekodia, ndio maana video zangu wiki hii ziko giza, msinitukane. Alhamisi nikampeleka dogo kwa daktari. Akapigwa eksirei. Daktari akasema haoni kitu, lakini akatueleza kwamba ufa wa mapema unaweza kukosa kuonekana kwa eksirei, na kwa vile kuna sehemu moja inayouma ukibonyeza, yeye angempumzisha wiki sita halafu amwangalie tena. Hakuna sindano. Baiskeli anaweza, kuogelea anaweza, mbio hapana.

Nikampigia mwalimu. Nilimwongelesha kwa heshima, kwa sababu najua naye anasukumwa na mtu juu yake, na shule bila makombe haisikiki. Nilimwambia mambo ya Konchellah. Nilimwambia Rudisha alikosa Beijing akiwa na miaka 19. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa nitaweka nani kwa 800?" Nikamwambia sijui, mwalimu, lakini si huyu.

Dogo hajaongea na mimi tangu siku hiyo. Anapita sebuleni kama mimi ni kiti. Anaona nimemwibia Ijumaa yake. Na ukweli usemwe, inawezekana nimemwibia. Inawezekana wale watu wa skolashipu watakuja, wachukue mwingine, na mimi nibaki na hiyo lawama. Nimekubali. Mimi nilipokuwa na umri wake kulikuwa na watu wengi wa kunipigia makofi na hakuna hata mmoja wa kuniambia keti chini. Afadhali anichukie akiwa na miguu miwili mizima.

Wiki sita zikiisha nitarudi hapa niwaambie. Na kama hatakuwa ameongea nami mpaka wakati huo, nitajua tu nikisikia viatu vyake asubuhi vikitoka getini.

Wewe ulikimbia shule? Ulicheza mpira na jeraha? Kulikuwa na mtu aliyekuambia upumzike, ama wote walikuambia Keino? Niambie hapo chini, nasoma zote.